Choo Chenye Lango la Pili

Asubuhi nyumbani kwa Abdia ilianza na sauti ya mswaki. Si ule wa plastiki wa dukani. Bibi Qabale, mama mkwe wake, alitumia kijiti cha mti wa mswaki. Aliitafuna ncha mpaka ikawa laini, kisha akasugua meno polepole, kama mtu asiye na safari. Kijiti kikichakaa, alichukua kingine. Meno yake yote yalikuwepo, na alipenda watu wayaone.

Abdia alikuwa jikoni akichemsha chai ya maziwa. Nyumba yao ilikuwa Garsen, karibu na soko la mifugo. Jatani, mume wake na baba wa mtoto wao Ifrah, alikuwa dalali wa ng'ombe. Zamani ukoo mzima ulihamahama na mifugo. Sasa walikuwa na nyumba ya matofali, na ndani ya nyumba kulikuwa na choo cha kumwaga maji.

Choo hicho kilijengwa kwa ajili ya Bibi Qabale. Magoti yake yalimsumbua. Hakuweza tena kwenda mbali hadi kwenye choo cha shimo. Hata kuchuchumaa aliweza tu kwa kushika chuma ambacho Jatani alikipachika ukutani. Tena alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kila mwezi ilibidi aende kliniki Ngao. Kutoka Garsen, Ngao si mbali. Kutoka malishoni, alikokuwa akiishi na kaka yake, ni mbali sana kwa mtu wa magoti yale.

Abdia alimpenda mama huyu. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo. Watu husema mengi kuhusu mama wakwe, na Abdia aliwaacha waseme. Yeye alikuwa amepata mama ukubwani, na hakutaka kumpoteza.

Basi mvua zikanyesha huko juu, na mto Tana ukajaa. Siku zilezile, maji ya choo yakaanza kushuka kwa uvivu. Abdia akimwaga, yanasimama kwanza, yanafikiri, ndipo yanakwenda.

"Choo kimejaa," Jatani alisema.

Huko kwao neno hilo halishangazi mtu. Mto ukijaa, maji hupenya ardhini na kuingia kwenye mashimo ya vyoo kutoka chini. Kila mtu anajua.

"Sasa tufanye nini?" Abdia aliuliza.

"Tungoje. Mto ukishuka, na choo kitashuka."

Wakangoja. Siku moja, karibu na adhuhuri, maji ya choo yakakataa kushuka kabisa. Abdia akamwaga kopo moja. Hayakwenda. Akaona labda yanataka nguvu. Akachukua ndoo nzima, akaimwaga kwa kishindo.

Hapo ndipo maji yalipopanda. Choo kilikuwa sawa na sakafu, hakina ukingo wowote. Maji machafu yakamwagika, yakavuka mlango, yakashika njia ya ukumbini. Abdia alirusha tambara, akarusha na kanga yake, lakini maji hayakungoja. Yakaingia chumbani kwa Bibi Qabale, yakagusa ncha ya msala wake. Mama alikuwa ameshatia udhu. Alikuwa anainua mikono aanze kuswali.

Abdia aliufua msala huo mara tatu. Alipiga deki nyumba nzima kwa sabuni na dawa. Juma hilohilo maji yakarudi tena.

Jioni Bibi Qabale akamwita mwanawe.

"Jatani, nipeleke kwa mjomba wako."

"Mama, na kliniki je?"

"Kliniki ni ya mwili. Mimi nataka mahali safi pa kuswalia. Hapa sijui sakafu ipi ni safi na ipi si safi."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Jatani aliinamisha kichwa, akasema Ijumaa kutakuwa na gari la kwenda malishoni. Abdia alikwenda jikoni, akajifanya anakata vitunguu, ili machozi yapate kisingizio.

Kesho yake akampigia simu Christabel. Christabel alikuwa jirani, Mpokomo wa Ngao, fundi wa mabomba. Kazi yake alijifunzia Kipini, na Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya huko pwani.

"Dada Christabel, tusaidie. Maji machafu yamefika msalani kwa mama."

"Msalani?" Christabel akacheka. "Sasa Mama Ifrah, ulitaka yafike wapi? Si ndiko mahali pake?"

Abdia hakuelewa anachekwa nini. Kisha akakumbuka. Kwa watu wa Kipini, kwenda msalani ni kwenda chooni.

"Si chooni, dada. Msala wa kuswalia. Mkeka wa mama."

Upande wa pili kicheko kikakatika. "Nakuja sasa hivi," Christabel alisema.

Alikuja na buti za mpira, glavu ndefu, waya mnene na mtaimbo mdogo. Hakuanza chooni. Alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye shimo, akainua kifuniko.

"Njoo uone," alimwambia Jatani.

Jatani akachungulia huku amefunika pua. Maji yalikuwa chini kabisa.

"Nani alisema choo kimejaa?"

"Mimi. Si mto umejaa?"

"Mto umejaa, ndio. Lakini shimo lako liko kwenye kilima, na ulilijengea kuta. Ulifanya vizuri. Choo hakijajaa, kaka. Kimeziba. Hayo ni mambo mawili. Kikijaa, shimo ndilo limeshindwa. Kikiziba, shimo linangoja maji, lakini njia imefungwa."

"Na sisi tukakaa tunaungoja mto ushuke," Jatani alisema.

"Mngengoja hadi nywele ziote mvi."

Wakaingia ndani. Bibi Qabale alikuwa ameketi kwenye kiti chake ukumbini, na bahasha ya dawa zake iko tayari kando. Christabel akamwamkia kwa heshima, kisha akapiga magoti mlangoni pa choo, akachora bomba sakafuni kwa kipande cha makaa.

"Chini ya choo hiki bomba limepinda kama shingo ya bata. Pale kwenye kona maji hubaki siku zote. Maji hayo huzuia harufu na nzi visitoke shimoni. Kona ni nzuri. Lakini kitu kigumu kikifika pale, hakipindi. Kinakwama."

Akaingiza waya, akauzungusha, akavuta. Kikatoka kibonge cheusi. Akakimwagia maji kwenye karai. Vilikuwa vijiti. Vijiti vingi vifupi, vyenye nyuzi nyuzi upande mmoja, vimeshikana na nywele na uchafu.

Kila mtu nyumbani alijua ni vijiti vya nini.

Abdia aliingiwa na hofu. Alimjua mama yake. Mama ambaye hakuweza kukaa na uchafu, atakaaje na aibu? Sasa hata Ijumaa hataingoja. Abdia alitamani kusema kwamba vijiti ni vya kwake. Lakini yeye alisugua meno kwa mswaki wa plastiki, na wote walijua.

"Hiyo yangu," Bibi Qabale akasema. Alizungumza na Christabel kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mswaki ukiisha, mimi natupa chooni. Sitaki ilale chini, mtoto aokote, atie kwa mdomo. Hiyo ni uchafu."

"Umesema kweli, mama," Christabel akajibu. "Huko kwenye choo cha shimo ulikuwa ukitupa wapi?"

"Hapo hapo kwa shimo."

"Na hakikuziba hata siku moja. Shimo limesimama wima. Kijiti, jiwe, jani, vyote vinaanguka moja kwa moja. Hukukosa, mama. Choo ndicho kimebadilika, na aliyekujengea hakukwambia."

Bibi Qabale akautazama ule mkunjo wa bomba ambao Christabel aliuchora sakafuni kwa makaa.

"Hii yote lango ni moja tu?" akauliza.

"Lango?"

"Ng'ombe wanatoka zizini. Moja analala kwa lango. Wale wa nyuma hawajui, wanasukuma tu. Ndama inakanyagwa, mwiba ya zizi inavunjika. Sisi tunaacha lango ya pili, kando. Hatutumii kila siku. Siku ya shida tunafungua."

Christabel aliweka waya chini. Akacheka, safari hii kwa furaha.

"Mama, ndivyo nilivyotaka kuwaeleza, na nilikuwa sijui nianzie wapi. Abdia alipomwaga ndoo, alikuwa akisukuma ng'ombe wa nyuma. Maji hayana pa kwenda, yanavunja zizi. Na hata wewe ukiacha kutupa vijiti, kesho atakuja mgeni atupe kitambaa. Siwezi kuzuia watu wasizibe choo. Ninachoweza ni kuamua maji yaende wapi siku kikiziba."

"Basi jenga," Bibi Qabale akasema. "Nataka kuona."

Abdia alimtazama. "Na gari la Ijumaa, mama?"

"Gari ziko nyingi. Nikiondoka, nani ataangalia hili lango lisijengwe kombo?"

Abdia akarudi tena jikoni, na safari hii hapakuwa na kitunguu chochote.

Kazi ilianza. Christabel alivunja choo cha zamani. Akatengeneza kiti cha saruji, kilichoinuka kutoka sakafuni kadiri magoti ya Bibi Qabale yalivyotaka. Alimkalisha kwenye matofali kwanza, apime. Bakuli la ndani alilifanya refu na pana.

"Kwa nini kubwa hivi?" Jatani aliuliza.

"Bakuli lenu la zamani lilikuwa dogo kuliko ndoo. Hili linabeba zaidi ya makopo mawili. Ukimwaga kopo moja na choo kimeziba, maji yatapanda lakini hayatamwagika. Utaona mapema, utaacha."

Kisha akatoboa tundu ubavuni mwa bakuli, karibu kiganja kimoja chini ya ukingo.

"Hilo ndilo lango la mama. Lina bomba lake na kona yake. Kona ya chini ikiziba, maji yatapanda mpaka hapa, yatapita kando."

"Na yakitoka hapo yanakwenda wapi?" Abdia aliuliza.

Christabel akawapeleka nje. Hapo ukutani alikuwa amejenga chemba, kisanduku cha matofali chenye kifuniko. Mabomba yote mawili yaliingia humo, na kutoka humo bomba moja nene lilikwenda shimoni.

"Tazameni kifuniko hiki. Kiko chini kuliko sakafu ya ndani. Bomba la kwenda shimoni likiziba, maji yatatokea hapa nje, si chumbani kwa mama. Mtayaona, mtavaa glavu, mtafungua, mtazibua. Msiyaache yatembee uani. Na kazi ikiisha, mikono kwa sabuni."

Mwisho aliishusha sakafu ya choo kidogo, akaweka kizingiti cha saruji mlangoni. Bibi Qabale alikipapasa kwa fimbo yake na kuridhika.

Zilibaki desturi ndogondogo. Ndoo iliondolewa chooni, likabaki kopo. Maji yakikataa kushuka, mtu hamwagi tena, anasema. Kona ya lile tundu la ubavuni hukauka isipotumika, na ikikauka harufu hupanda. Kwa hiyo kila Ijumaa lazima litiwe maji kidogo. Kazi hiyo Bibi Qabale aliichukua mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Ukutani Jatani alitundika mkebe wenye kifuniko kwa ajili ya vijiti vya mswaki. Ukijaa, vijiti vinachomwa.

"Mkebe huo ukijaa, umejaa kweli," Christabel alimwambia Jatani. "Huo haujaziba."

Jatani akamwongezea chai.

Ikafika Idi. Nyumba ilijaa wageni kutoka malishoni na kutoka Hola. Watoto walizunguka kila pembe, na choo hakikupumzika. Alasiri Abdia alikuwa akigawa nyama aliposikia mlio anaoujua. Maji yalikuwa yakipanda. Kuna mtu alikuwa ametupa nepi ya mtoto, na wa pili, asiyejua desturi za nyumba, alikuwa amemwaga maji kopo juu ya kopo.

Abdia aliacha sinia, akanyakua tambara, akakimbia. Alipofika ukumbini akasimama. Sakafu ilikuwa kavu. Akachungulia chooni. Maji yalikuwa yamepanda kwenye bakuli mpaka kwenye tundu la ubavuni, na hapo hayakuendelea. Yalikuwa yanapita kando, taratibu, bila vurugu, kama mifugo iliyofunguliwa lango la pili.

Alivaa glavu, akaitoa nepi kwa ndoano ya waya aliyoachiwa na Christabel, akaitia kwenye mfuko wa taka. Akanawa mikono kwa sabuni. Kisha akaokota tambara lake, akaenda kumwona mama.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Bibi Qabale alikuwa ameketi juu ya msala wake, anaswali. Hakuwa amesikia lolote, wala hakuwa na haja ya kusikia. Alitoa salamu, kulia na kushoto, kisha akainua mikono kuomba dua.

Aliwaombea wazazi wake waliotangulia. Akamwombea Jatani, akamwombea mjukuu wake Ifrah, akawaombea ng'ombe. Akamtaja Christabel wa Ngao, fundi, Mungu ampe mikono yenye afya na njia zisizoziba. Halafu akasema, "Na binti yangu Abdia, aliyenizuia nisiondoke."

Abdia alisimama mlangoni, tambara mkononi, kavu kabisa. Akasema, "Amina."