Sahani Iliyorudi Tupu

Kila Ijumaa, Mama Younis alipoepua pilau, sahani moja ilivuka ua na kuingia kwa kina Ruguru. Ilikuwa sahani ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa kijani na pengo jeusi pembeni, pale ilipowahi kuangukia jiwe la kufulia. Jumapili ilirudi kwa Mama Younis na nduma zilizochemshwa au ndizi mbivu. Ilikuwa ya nani hasa? Mama Younis na mama yake Ruguru walikuwa wamesahau. Walichojua ni kwamba katika ploti ile ya Majengo, mjini Meru, sahani ya jirani hairudishwi tupu. Hata mwaka ule nduma zilipokuwa adimu, mama yake Ruguru aliweka viazi vitatu akavifunika kwa kitambaa, uchache wake usionekane.

Mama huyo, Cicily, aliuza ndizi sokoni. Jioni alimwachia Ruguru simu ili afanye kazi za Gredi ya Saba zilizotumwa na walimu. Simu ilikuwa hiyo moja, na kila alichoandika Ruguru mtandaoni kilitokea na jina la mama yake na picha yake akitabasamu, kitambaa cha kanisa kichwani. Ruguru alikuwa msichana mwerevu. Tatizo ni kwamba alijijua.

Ni Nyamu, mwenzake wa darasani, aliyemwingiza katika kundi la WhatsApp lililoitwa Vijana Safi. Mkuu wa kundi aliitwa Njoka, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona. Kila siku saa kumi na moja jioni Njoka alituma sentensi iliyoandikwa tayari. Kazi ilikuwa kuinakili, kuibandika kwenye blogu ya mtu aliyejiita Jicho la Majengo, kisha kurudi kundini na kusema "tayari". Aliyesema tayari alitumiwa bando la intaneti.

"Kwani huyu Jicho la Majengo ametukosea nini?" Ruguru aliuliza siku moja wakati wa mapumziko.

"Mimi sijui. Ati anaharibia watu biashara," Nyamu alijibu huku akitafuna muwa. "Wewe bandika tu. Si ni maneno? Na vile tuko wengi, nani atakuona?"

Kama Ruguru angesoma blogu yenyewe, angejua. Mwandishi alikuwa ameeleza kwamba bucha moja mtaani ilipokea nyama iliyoletwa kwa magunia, bila muhuri wa mkaguzi, na kwamba mtoto wake mwenyewe aliila akaugua. Lakini Ruguru hakusoma. Jumatatu alibandika "Mwongo mkubwa wewe." Jumanne alibandika "Hama mji wetu." Jumatano sentensi ilikuwa "Tunajua unapolala." Hiyo aliisoma mara mbili, kisha akaibandika. Bando lilikuwa tamu.

Alhamisi Njoka hakutuma sentensi. Alituma picha kutoka kwenye blogu: kipande cha nyama ndani ya sahani nyeupe yenye ukingo wa kijani, na pengo jeusi pembeni. Chini yake aliandika: "Nani anamjua huyu mtu? Bando la mwezi mzima."

Moyo wa Ruguru uliruka kwa furaha, kama darasani mkono wake unapokuwa peke yake juu. Vidole vilitangulia kichwa. "Ni Mama Younis wa ploti yetu, nyuma ya msikiti," aliandika, akatuma.

Kisha akasoma alichoandika. Alifuta haraka, lakini Njoka alikuwa ameshajibu: "Safi sana."

Ijumaa hapakuwa na harufu ya pilau uani. Mlango wa bluu wa Mama Younis ulikuwa umefungwa tangu asubuhi, na picha ya mlango huohuo ilikuwa ikizunguka mtandaoni. Simu yake iliita bila kukoma. Saa kumi, Cicily alipotoka sokoni, alikuta sahani ya bati kizingitini pake. Ilikuwa imeoshwa, na haikuwa na kitu ndani.

Cicily aliiokota, akavuka ua, akabisha.

"Mama Younis, kuna nini? Nimekukosea?"

Mama Younis alifungua nusu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilipokwambia ni mimi ninayeandika, uliniahidi nini, Cicily?"

"Kwamba siri itabaki na mimi. Na wallahi, kama mnavyosema nyinyi, iko na mimi mpaka leo!"

"Basi huyu ni nani?"

Alimwonyesha simu. Katikati ya matusi mengi alikuwa Cicily, akitabasamu na kitambaa chake cha kanisa. Kando ya tabasamu hilo yaliandikwa maneno: Tunajua unapolala.

"Jumatatu naenda kwa ndugu zangu mjini Maua," Mama Younis alisema. "Na blogu naifunga. Hao wengine ningewavumilia. Wewe siwezi." Akafunga mlango.

Cicily aliketi juu ya jiwe la kufulia na sahani mapajani. Ruguru, aliyekuwa nyuma ya pazia, aliona mabega ya mama yake yakitetemeka. Hakuwahi kumwona akilia, hata baba alipofariki.

"Ruguru," mama aliita kwa sauti ya chini. "Kuna mtu ameiba jina langu kwa simu?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Angesema ndiyo, mama angeamini, na mambo yangeishia hapo. Na Mama Younis angeondoka akiamini kwamba rafiki yake alimuuza.

"Ni mimi, Mama," alisema, na kilio kikamtoka.

Cicily hakumpiga. Aliiweka sahani juu ya jiwe, akasimama. "Kuja na hiyo simu. Utamwambia mwenyewe."

Ruguru alisema yote akiwa amesimama mbele ya mlango wa bluu. Kisha akampa Mama Younis simu. Humo mlikuwa na kundi zima: namba ya Njoka, saa, sentensi, na "tayari" moja baada ya nyingine. Mama Younis alisoma polepole.

"Wiki nzima nimedhani mji wote unanichukia," alisema. "Kumbe ni mtu mmoja na watoto wa shule."

Jumamosi wanawake hao wawili na Ruguru walikwenda kituo cha polisi. Ofisa alinakili ujumbe wote na kuwaeleza kwamba kumtisha mtu mtandaoni ni kosa la jinai. Wiki iliyofuata Njoka aliitwa kujieleza. Alikuwa mfanyakazi wa mwenye bucha. Mkaguzi wa afya aliifunga bucha hiyo, na wazazi wa Nyamu na wenzake waliitwa shuleni. Ruguru aliandika kwenye blogu, chini ya picha ya mama yake: "Aliyeandika matusi haya si Cicily. Ni mimi, binti yake, Ruguru. Naomba msamaha."

Mama Younis hakuhama, na blogu haikufungwa. Lakini siri iliyotoka haikurudi. Alitia komeo la pili mlangoni, na Younis hakuruhusiwa tena kucheza nje ya geti peke yake.

Jumapili ya wiki hiyo Ruguru alimpelekea sahani, na ndani yake nduma alizozimenya kwa mikono yake.

"Keti," Mama Younis alimwambia. "Unajua kinachoniogopesha? Wewe hukunichukia hata kidogo. Uliandika tu kwa sababu wengine wanaandika. Siku nyingine, kabla ya kutuma neno, jione umesimama hapa mlangoni, unaniangalia machoni. Kama huwezi kulisema hapa, usilitume huko. Na mtu akikupa maneno yake uyaseme kwa mdomo wako, muulize kwa nini hayasemi mwenyewe."

"Ndiyo, Mama Younis."

Ijumaa iliyofuata sahani haikuja. Ya pili pia haikuja. Ruguru alifanya kazi zake za shule akiwa amekaa mahali anapoweza kuuona mlango wa bluu.

Ijumaa ya tatu mlango ulifunguka, na Younis akavuka ua taratibu, ameishika sahani kwa mikono miwili. Pilau haikujaa kama zamani. Lakini sahani haikuwa tupu.