Mguu wa Mwoka Keki

Taa ilipogeuka kijani, magari yote yaliondoka isipokuwa moja. Gari dogo la buluu lilijikwaa, likatetemeka, likazima katikati ya makutano. Honi zikapasuka kwa pamoja.

Mwenye gari alikuwa mwoka keki, binti mwembamba wa gauni la njano, unga umemganda kwenye kiwiko. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amebeba keki ya ngazi mbili. Kijana wa ovaroli ya kijivu, boksi la vipuri kwapani, akagonga kioo.

"Weka gia huru, dada, nikusukume."

"Taratibu! Nina keki."

"Nasukuma, sikimbii."

Walipofika pembeni, binti alimtazama kijana yule kwa jicho la chini. Gari linazima, na hapohapo anatokea mtu na vipuri?

"Wewe umetokea wapi?"

"Dukani. Hivi ni vya gari la mtu mwingine."

"Mafundi wote husema hivyo."

"Wote umekutana nao lini?"

Binti akacheka bila kupenda.

Gereji ilikuwa mtaa wa pili. Fundi alifungua boneti, akasafisha sensa ya hewa, kipimio cha hewa iingiayo kwenye injini, na gari likaondoka bila kusita. Kesho yake simu ikalia.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Amelala vizuri."

"Na mwenye mgonjwa?"

"Mwenye mgonjwa anaoka, usimuunguzie keki."

Simu za gari zikageuka simu za bure tu, za kusikia sauti. Binti akawa Sukari, fundi akawa Daktari.

Ila mgonjwa hakupona. Gari lilisita tena, Daktari akabadilisha plagi. Likasita tena, akafunga sensa mpya ya hewa. Kila mara alipounganisha mashine yake ya kupimia magari, haikuonyesha kosa lolote. Kila mara alilipeleka barabara kuu, akarudi akisema linapaa.

"Mdogo wangu, fumbua macho," alisema dada yake Sukari, aliyeishi naye, huku akikunja maboksi ya keki. "Huyo hataki lipone. Likipona atakuitia nini?"

"Dada, mashine yenyewe haioni kitu."

"Na mashine ni ya nani?"

Neno hilo halikumtoka Sukari kichwani.

Huko gereji nako, mpiga rangi hakunyamaza. "Gari zima hilo, bwana! Anayeumwa ni mwenyewe, na dawa ni wewe." Daktari alimfukuza kwa kitambaa cha grisi, lakini moyoni maneno yale yalimtekenya. Akayaamini kwa sababu yalimpendeza.

Jumamosi moja Sukari aliingia gereji uso umemvimba kwa hasira. Kabla hajafungua mdomo, Daktari alichukua ufunguo, akazunguka na gari, akarudi anatabasamu.

"Sukari, gari ni zima. Kama umenikumbuka, si useme tu?"

Sukari alifungua mlango wa nyuma. Ngazi ya juu ya keki ya bi harusi ilikuwa imelala kiubavu, maua ya krimu yamepakaa kiti kizima.

"Limejikwaa kwenye mwinuko. Unadhani nimeangusha kazi yangu ili nije kukuona?"

"Sikukusudia..."

"Ama hujui kazi, ama unaijua mno. Nichagulie moja."

Sukari akaingia garini na kuondoka polepole, akiilinda ile ngazi iliyosalia. Getini gari likajikwaa, likasimama, likaenda tena.

Safari hii Daktari aliliona kwa macho yake. Alibaki amesimama na kitambaa mkononi. Yeye hulijaribu gari kwa mguu mzito wa fundi. Sukari huendesha siku nzima kama aliyebeba bakuli la maji lililojaa.

Akapiga simu. Aliyepokea ni dada mtu.

"Amesema hayupo."

"Basi, shikamoo dada. Mwambie huyo asiyekuwepo aje na keki. Aendeshe yeye."

Sukari alikuja keshoye, miwani ya jua usoni ingawa jua halikuwepo. Keki ndogo ya limau ilikuwa nyuma. Daktari alikaa pembeni yake, mashine magotini.

"Endesha kama siku zote."

Kwenye kioo cha mashine mstari ulipanda taratibu, mara ukadondoka kama uliokanyaga shimo. Sekunde hiyohiyo gari likajikwaa.

"Rudia."

Ukadondoka tena, palepale.

"Sasa kanyaga kwa nguvu."

"Na keki?"

Daktari aligeuka, akalikumbatia boksi. Gari likaruka mbele, halikusita hata chembe.

"Ni sensa inayoiambia injini umekanyaga mafuta kiasi gani," alisema, krimu kwenye kidevu. "Mguu wako unakaa mahali pamoja kila siku, na hapo ndipo imelika. Mimi nilikuwa napapita kwa kasi, nisione kitu."

"Kwa hiyo nilisema kweli."

"Tangu siku ya kwanza. Mimi nikapenda kuamini unatafuta sababu ya kuja."

Sukari alivua miwani, akamchunguza kama anayetafuta ufa kwenye sahani mpya. "Nami niliamini unaliharibu ili nirudi."

Sensa mpya ikafungwa. Gari likawa jipya. Na simu ikanyamaza.

Siku zikapita. Sukari aliiweka simu kando ya mizani ya unga, akaigeuza, akaigeuza tena. Gari zima, mtu kapotea.

"Umeona?" dada akasema. Akaendelea kukunja maboksi.

Jumapili alasiri mlango ukagongwa. Daktari alikuwa amesimama pale na shati jeupe lililopigwa pasi, kucha zimesuguliwa mpaka zikawa nyekundu, weusi umebaki kidogo pembeni. Hakuwa na boksi wala spana.

"Daktari, mgonjwa amepona."

"Najua. Nimengoja apone kabisa, mtu asije akasema nimefuata gari."

"Mtu mwenyewe anasikia!" sauti ya dada ikatoka jikoni.

"Sasa umefuata nini?" Sukari akauliza, mkono haujaachia kitasa.

"Mwenye gari. Nataka nimwoe, kama hana shaka na mimi."

"Ninayo bado."

"Basi nitangoja."

Alimtazama kuanzia viatu mpaka usoni, kisha akaufungua mlango wote.

"Ngojea ndani," akasema. "Huko nje watu watadhani umekuja kutengeneza kitu."