Siku Thelathini na Tano

Alhamisi, tarehe 16 Septemba 1976, saa moja na robo asubuhi, Marta aliinua kapu la mianzi lililomfunika bata wake kwenye kona ya banda, akapiga yowe lililosikika hadi ng'ambo ya kijito. Chini ya bata palikuwa na vifaranga sita, wazima, wa manjano na weusi, wanatoa vichwa. Hakuna mwenye akili timamu anayepiga yowe kwa kupata vifaranga sita. Lakini Marta alikuwa ameweka mayai sita ya bata bukini, na hawa walikuwa bata wa kawaida.

Kijiji hicho kiko juu kidogo ya mji wa Mbeya, na Marta, mjane wa Filemoni, ndiye pekee aliyefuga bukini pale. Alikuwa nao wawili, dume na jike, pamoja na bata tisa wa kienyeji, wote uwanja mmoja na dimbwi moja. Bukini walimlindia mlango kwa kelele na midomo. Kulalia mayai ilikuwa kazi ya bata, maana yule bukini jike alikuwa na kiburi cha malkia na miguu ya mlevi, kila mwaka aliyakanyaga mayai yake mwenyewe.

Kufikia saa mbili uwanja ulikuwa umejaa watu. Wa kwanza kufika alikuwa Sedekia, mdogo wa marehemu Filemoni, mzee wa kanisa, koti begani na fimbo mkononi.

"Shemeji, nilikuambia," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nani huokota mayai ya bata hapa kila asubuhi? Kalista. Nani alikuambia usifunue kapu siku zilipopita? Kalista huyo huyo. Amekula mayai ya bukini, akaweka ya bata ili usigundue. Mgeni ni mgeni."

Kalista alisimama karibu na dimbwi, ndoo ya pumba mkononi. Alikuwa Msukuma aliyeshuka Usangu na ng'ombe wa mumewe, Nyanda. Nyanda akafa, ng'ombe wakaisha kwa ugonjwa, naye akapanda milimani na watoto wawili. Marta alimpokea. Miaka miwili Kalista alimuuguza Filemoni mpaka alipomfumba macho, na Marta akampa bustani ya bondeni, ile yenye maji mwaka mzima. Sasa alimtazama Marta, akisubiri aseme neno moja tu. Marta akainamisha kichwa.

Mwenyekiti wa kijiji, Bartholomeo, alikuwa mtu wa haki lakini mtumwa wa utaratibu. Alitangaza kwamba shauri litasikilizwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Kalista akipatikana na kosa, bustani itarudi kwa ukoo na yeye ataondoka kijijini na wanawe.

"Ndugu Mwenyekiti," ilisema sauti kutoka nyuma, "kabla hamjamfukuza mtu, kuna mmoja wenu anayejua kuhesabu?"

Alikuwa Tusekile, mkunga wa zahanati, mwanamke mfupi wa Kinyakyusa mwenye miaka ishirini na miwili katika kazi hiyo na ulimi usio na likizo. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kapu, anawatazama wale vifaranga kwa jicho lile lile alilowatazamia watoto wachanga, na alikuwa tayari ameona kitu ambacho wengine mia moja hawakukiona. Hakuwa na shaka hata kidogo kwamba angemkamata mtu kabla ya Jumamosi. Kushuka moyo ni kwa watu wasio na kazi, alipenda kusema.

Alimvuta Marta jikoni, akafunga mlango.

"Mayai ya bukini uliyaweka lini?"

"Jumapili ile ya kipaimara, tulipotoka kanisani."

"Tarehe mosi Agosti. Bukini hukaa siku ngapi?"

"Thelathini."

"Basi wangetoka tarehe thelathini na moja. Leo ni kumi na sita Septemba. Mbona hukufunua kapu?"

Marta alishangaa kuulizwa. "Nesi, nawe! Bata anayelalia hachunguliwi. Jicho la mtu likihesabu mayai, yanakuwa viza. Bata mwenyewe hutoka kwenye tundu la kapu mara moja kwa siku, anakula, anaoga, anarudi. Nilidhani ni baridi imewachelewesha. Kalista naye akasema, mama, tusubiri, bata anajua."

"Kila mtu hapa anajua kwamba huwa hufunui?"

"Nani asiyejua? Ndivyo tulivyolelewa."

"Na mayai ya bata, siku ngapi?"

"Thelathini na tano."

Tusekile akatabasamu. Kwa miaka ishirini na miwili wanawake walikuwa wamemletea matumbo na hadithi. Huyu anasema mume alirudi Krismasi, yule anasema Pasaka. Yeye hakuwahi kubishana nao. Alisubiri mtoto azaliwe, akahesabu kurudi nyuma. Tumbo linaweza kudanganywa, lakini siku hazidanganyiki. Alitoa kalenda ya zahanati kutoka mkobani, akaweka kidole kwenye Septemba 16, akarudi nyuma polepole, Marta akihesabu naye kwa sauti. Kidole kilisimama Alhamisi, tarehe 12 Agosti.

"Siku hiyo ndipo mayai ya bata yalipoingia chini ya huyu bata," alisema. "Si jana yake, si kesho yake. Wote sita wametoka leo pamoja. Sasa niambie, tarehe kumi na mbili ilikuwa siku gani hapa kwako?"

Marta alifikiri. Hakuwa mtu wa tarehe, alikuwa mtu wa mambo. "Alhamisi… siku ya kupima maua ya pareto! Tulikwenda wote ghalani kule chini, nikarudi saa kumi jioni. Nakumbuka kwa sababu siku hiyo sikupata yai la bata hata moja. Bata tisa! Nikasema ni nguchiro."

"Mayai hayo huwa yako wapi?"

"Mimi hutoka mapema, nayaacha majanini. Kalista ndiye huyaokota. Siku hiyo Kalista hakuwepo," alisema Marta. Mkono ulimpanda mdomoni. "Hakuwepo, Nesi. Alikuwa Madibira kwa kaka yake."

"Na hilo hukulisema pale uwanjani."

Marta alianza kulia. Tusekile alimwacha alie, maana alistahili.

Kumtoa Kalista lawamani ilikuwa rahisi. Kazi ngumu ilikuwa kumpata mwizi mwenyewe. Saa sita mchana Tusekile alimpata Saulo, mchuuzi wa mayai, anafunga tenga lake kwenye baiskeli tayari kuteremka sokoni Mbeya. Wengi walimshuku, na kwa kweli uso wake ulikuwa wa mtu wa kushukiwa.

"Gwe, wewe Saulo! Siku ya pareto ulikuwa wapi?"

Saulo alibabaika. "Kwa… kwa Mama Marta, Nesi. Nilipita kama saa nne kuchukua mayai. Sikupata."

"Peke yako, nyumba haina mtu, na tenga mgongoni."

"Sikuingia! Bukini nani atawapita? Lile dume lilinishika hapa." Alionyesha suruali ya kaki, kiraka kikubwa nyuma ya goti. "Fundi aliyeshona ni shahidi. Ningeraruliwa vipande kama Mzee Sedekia hangetoka kuwaamuru. Akaniambia hakuna mayai leo, nenda zako."

"Alitoka wapi?"

"Bandani. Alikuwa anamlindia shemeji yake nyumba. Bukini si wanamjua? Ndiye aliyewatoa Iringa akiwa na marehemu, wakiwa wadogo."

Tusekile alimshukuru, akamwacha aende. Jambo moja lilibaki. Mtu anaweza kukaa bandani bila kosa, na Sedekia alikuwa na ulimi wa kutoka kwenye shimo lolote. Ilibidi yapatikane yale mayai ya bukini.

Ijumaa, saa tano asubuhi, alikwenda kwa Sedekia kumpima mtoto. Mkewe, Apolonia, alikuwa na kichanga cha wiki tatu, na hakuna nyumba inayomfungia mkunga mlango. Mtoto alikuwa mzima. Nyuma ya nyumba, kwenye ua wa mabanzi, kuku mmoja wa madoa alikuwa akiparua, na nyuma yake walikimbia vifaranga watatu wa kijivu na manjano, wenye shingo ndefu na miguu mipana.

"Wazuri hao," alisema Tusekile, anafunga mkoba.

"Nililetewa na rafiki yangu Selestini, kutoka Igowole," alijibu Sedekia mlangoni. "Jumamosi iliyopita, kwenye basi, ndani ya boksi."

"Safari ndefu, maskini," alisema Tusekile, akaaga. Njia nzima alitembea anaimba.

Jumamosi saa tatu ofisi ya kijiji haikutosha, watu wakakaa nje kwenye nyasi. Sedekia alisimama kwanza, akasema vizuri sana juu ya ukarimu na watu wasioujua. Kalista alikaa chini na watoto wake, mizigo yao miwili imefungwa tayari kando. Kuiona mizigo hiyo kulimkasirisha Tusekile kuliko maneno yote ya Sedekia.

"Ndugu Mwenyekiti," alianza, "mayai yalibadilishwa tarehe kumi na mbili Agosti." Akaeleza hesabu yake, na wanawake wote waliokuwa pale wakaanza kuhesabu kwa vidole, wakatikisa vichwa kukubali. "Sasa fungua jalada lako. Ni nani ulimwandikia barua ya ruhusa ya kusafiri?"

Bartholomeo alifungua jalada, maana kufungua jalada lilikuwa jambo alilolipenda kuliko yote duniani. Alisoma taratibu: "Kalista, kwenda Madibira kumuuguza kaka yake Malimi. Ameondoka tarehe nane Agosti. Amerejea… tarehe ishirini." Akavua miwani. "Mhuri ni wangu."

Watu wakaguna. Sedekia hakuyumba. "Basi ni Saulo."

"Saulo alionja mdomo wa bukini langoni. Wewe ndiye uliyemwokoa, ulipotoka bandani. Ndiyo au siyo?"

"Nilikuwa nalinda mali ya kaka yangu!"

"Vizuri. Na wale bukini watatu kwako?"

"Wa Igowole. Nimeshasema."

"Walipofika Jumamosi iliyopita walikuwa na umri gani?"

"Wiki… wiki moja na zaidi."

"Mwenyekiti, naomba waletwe. Na kuku wa madoa."

Mgambo alikwenda akarudi na tenga la vifaranga na kuku kwapani. Tusekile alimwachia kuku upande mmoja wa nyasi, akawamwaga vifaranga upande wa pili, hatua ishirini, katikati ya miguu ya watu. Kuku aliita mara moja. Wale watatu wakanyoosha shingo, wakapita kati ya viatu na fimbo na watoto waliokuwa wakipiga kelele, mpaka wakaingia chini ya mbawa zake. Walikuwa wakubwa hata hawakuenea, makalio yote yalibaki nje.

Kicheko kilianza, kikafa chenyewe.

"Wafugaji mko hapa," alisema Tusekile. "Kifaranga cha bukini humfuata nani?"

"Aliyemwangua," walijibu wanawake kwa pamoja.

"Na kuku aletewe watoto wa ndege mwingine wenye wiki nzima, atafanya nini?"

"Atawadonoa mpaka wafe."

"Basi hawa hawakupanda basi. Walianguliwa kwako, Sedekia, chini ya huyu kuku. Nawe huna bukini. Mayai ulitoa wapi?"

Sedekia alimtazama mkewe, Apolonia, naye akageuza uso.

"Ungeyatupa mtoni tusingekupata," aliendelea Tusekile. "Lakini mayai ya bukini yalikutia tamaa. Ulisubiri Kalista asafiri, kwa kuwa akiwepo hatoki bandani. Ukaokota mayai sita ya bata majanini, ukayaweka, ili lawama imwangukie yeye aokotaye kila siku. Hukufikiri kwamba yai linaanza kuhesabu siku linapolaliwa."

"Bustani ni ya baba yetu!" Sedekia alifoka, na fimbo ikamtoka mkononi. "Yenye maji! Mimi nalima mawe kule juu, mgeni analima bondeni! Kaka yangu angekuwa hai…"

"Kaka yako akiwa hai," alisema Kalista, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu Alhamisi, "alikuwa ananiuliza kila siku, Sedekia amekuja? Namwambia, kesho atakuja, baba. Miaka miwili."

Bartholomeo aliandika muda mrefu, kisha akasoma: bustani inabaki kwa Kalista, Sedekia anavuliwa ujumbe wa halmashauri, shauri la wizi linakwenda mahakama ya mwanzo, vifaranga vinarudi kwa mwenyewe.

"Na kuku?" mtu aliuliza.

"Kuku aende na wanawe mpaka wakue," alisema Tusekile. "Mimi sitenganishi mama na mtoto."

Walirudi wanawake watatu pamoja, Kalista mbele na kuku kwapani, vifaranga nyuma yake wakijikwaa. Langoni bukini dume alitoa shingo kuwazomea, akamwona Kalista, akanyamaza. Marta alisimama hapo hapo, hakuweza kuingia kwake mwenyewe.

"Nisamehe, mwanangu. Nilijua ulikuwa Madibira. Nilijua, kisha hofu ya ukoo ikanisahaulisha."

"Hukuniuliza, mama." Macho ya Kalista yalijaa machozi. "Ungeniuliza tu."

Marta alijifunga kanga vizuri, akanyoosha mikono kupokea mizigo miwili iliyokuwa kwa watoto. Kalista akampa mmoja. Wa pili alibaki nao mwenyewe.

"Na wale bata sita?" Marta aliuliza kwa sauti ndogo. "Tuwafanyeje?"

"Tuwalee," alisema Kalista, akielekea dimbwini. "Wao wana kosa gani? Lete pumba, mama. Wana njaa wote."