Ndeti Alipofunga Maji ya Jirani

Wenzangu mnaoishi katika nyumba za kupakana, naomba mnisikilize kidogo. Habari hii ni ya mtaa wa Shauri Moyo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, na sitaipamba.

Jumamosi alasiri ungemkuta Ndeti, dereva wa lori la saruji kule Industrial Area, eneo la viwanda, ameketi nje ya nyumba yake akipiga soga na Javan, jirani yake, mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Mmoja alitoka Machakos, mwingine Kakamega, na wote wawili walisali kanisa moja. Wake zao, Kanyiva na Selpher, walianika nguo kwenye kamba moja. Selpher alikuwa na mimba ya kwanza baada ya miaka mingi ya kungoja, na majirani wote walifurahi naye. Nyumba zilikuwa kuukuu, lakini watu walikaa kwa amani.

Amani hiyo iliharibiwa na shawa.

Kanjo, yaani watu wa baraza la jiji, walichimba barabara kutengeneza bomba kubwa, na kwa siku kadhaa maji yakatoka mekundu kwa kutu. Akina mama walifunga kitambaa kwenye mdomo wa mfereji ili kuchuja, kama walivyozoea. Ndeti akataka kuwa mjanja zaidi. Alikata kipande cha fulana kuukuu, akafungua kichwa cha shawa, akakishindilia ndani. Maji yakatoka safi, naye akajisifu kwa kila mgeni. Nawaambieni mapema ili msihangaike kukisia: kitambaa hicho ndicho kilichoendelea kushika kutu na mchanga kidogo kidogo, hadi shawa ikabaki inadondoka tu. Ndeti hakukishuku hata mara moja. Ilikuwa kazi ya mikono yake, na kazi ya mikono yake aliiona haina kasoro.

Mtu akirudi nyumbani na saruji hadi kwenye nyusi, shawa inayodondoka ni mateso. Hilo namkubalia. Lakini badala ya kuangalia juu, aliangalia ukutani, upande wa Javan. Bomba liliingia kwanza kwa Ndeti, kisha likapita chini ya ukuta kwenda kwa jirani. Kwa Javan hapakukosa mgeni kutoka kwao Kakamega aliyekuja kutafuta kazi. Ndeti akaanza kusema kwamba watu wa huko hujaza nyumba na kumaliza maji ya wenzao. Ukabila huanza hivyo, ndugu zangu, kwa jambo dogo kama la kuoga.

Kanyiva alikuwa na macho.

"Baba Mbeti, huu mfereji wa chini unajaza debe mara moja," alimwambia mumewe. "Maji iko. Shida iko hapo juu."

"Umeanza kuwatetea?"

Jumamosi iliyofuata, Ndeti alichukua spana akafunga koki ya maji yanayokwenda kwa Javan. Kisha akaingia kuoga, akitarajia shawa imwage kwa nguvu. Ikadondoka vilevile.

Hapa nataka msimame nami. Jirani hapati hata tone, na shawa yako haijaongezeka hata kidogo. Je, hilo si jibu? Mtu mwenye nia ya kutengeneza shawa angefungua koki, akamwomba Mungu msamaha, kisha akapanda kwenye stuli akague kichwa cha shawa. Lakini Ndeti hakuwa tena na nia ya kutengeneza shawa. Alijiambia kwamba lazima Javan ana njia nyingine ya siri, akaikaza koki zaidi. Chuki ilikuwa imemnogea.

Javan alipouliza, aliambiwa kuwa kanjo bado wanatengeneza bomba la upande wake. Akaamini, maana hakuona sababu ya muumini mwenzake kumdanganya. Kwa muda Kanyiva alimpitishia Selpher ndoo za maji juu ya ua, mpaka Ndeti akagundua na kumkataza. Alimwonya pia asimwambie mtu yeyote habari ya koki. Kanyiva akatii kwa kuogopa ugomvi nyumbani.

Wageni wa Javan walitoka alfajiri kusimama kwenye mageti ya viwanda, yeye mwenyewe akaenda kazini, na Selpher akabaki na kazi ya kuteka maji kwenye mfereji wa umma. Asubuhi moja baada ya mvua aliteleza kwenye matope akiwa na debe kichwani. Kanyiva na majirani wengine walimkimbiza hospitali. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, na hakulia.

Kanyiva alirudi nyumbani amekauka machozi. Alifungua koki ya jirani. Kisha akapanda kwenye stuli, akafungua kichwa cha shawa na kuvuta kile kitambaa, kigumu kama udongo uliokauka. Ndeti aliporudi kutoka kazini alikikuta mezani, mahali pa sahani yake.

"Mtoto wa Selpher amekufa," Kanyiva alisema. "Nenda umwambie Javan habari ya koki wewe mwenyewe, kabla sijamwambia mimi."

Ndeti alikwenda. Alisema yote bila kuficha, na kwa hilo nampa haki yake. Javan alimsikiliza hadi mwisho, ameegemea mlango. Hakumpiga wala hakumtukana. Alimuuliza swali moja tu.

"Siku ile ulifunga maji yangu, na yako hayakuongezeka. Mbona hukufungua?"

Mwezi haukuisha kabla Javan na mkewe hawajahama mtaa, na hawakumwambia mtu wanakwenda wapi.

FUNZO

Kitu kikiharibika nyumbani kwako, anza kukagua kile ulichokitengeneza mwenyewe. Kabla ya kusema jirani anakumalizia maji, fungua mfereji mwingine uone. Na ukishapima, jibu likatoka kinyume na ulivyodhani, likubali siku hiyohiyo hata kama linakuaibisha. Aibu ya Ndeti ingekuwa ya kuchekwa jioni moja, ikaisha.

Nawe unayeujua ukweli ukanyamaza ili nyumba yako itulie, kumbuka kwamba nje kuna mtu anayebeba debe kwa sababu ya utulivu wako.