Saa Iliyosema Kiswahili

Siku sukari ilipofika duka la ushirika la Temeke, foleni ilitoka mlangoni ikazunguka ukuta hadi kwa wauza mkaa. Anjelina alikuwa humo na gauni lake la njano la kazini, mfuko wa ukili kwapani, akiwaza bosi wake atampokea kwa uso gani. Akamuuliza kijana aliyesimama mbele yake, saa ngapi.

"Saa nne kasorobo, dada."

Akauchungulia mkono ule wenye madoa ya rangi. Saa ilikuwa nzuri, ya fedha iliyopauka, ila sita imekaa juu mahali pa kumi na mbili, na kumi na mbili iko chini kabisa.

"Mbona saa yako imesimama kichwa chini?"

"Imesimama wima. Za wenzangu ndizo zinasema Kizungu. Jua likichomoza, yangu inasema kumi na mbili. Marehemu baba aliifundisha Kiswahili."

Anjelina akacheka hadi watu wakageuka. Alidhani ni utani wa foleni. Kosa lilianzia hapo, katika kicheko, na nani angelijua?

Kijana aliitwa Albano, Mmakonde aliyezaliwa hukuhuku mjini. Kazi yake kuandika vibao vya maduka, na alipanga chumba Kinondoni. Anjelina aliishi Temeke na mama yake, Rosalia, wawili tu na redio yao, na kazi yake ilikuwa kupokea simu katika bohari moja ya saruji Chang'ombe. Tangu siku ile simu ikawa na sauti nyingine.

"Bohari, habari za asubuhi."

"Nataka mfuko mmoja wa saruji na karani mmoja."

"Saruji imekwisha, ndugu."

"Basi nitachukua kilichobaki, mpenzi."

Jumapili baada ya misa walitembea. Anjelina na viatu vyake vya raizoni vilivyomrefusha, Albano na shati la drili lililopigwa pasi mpaka linakata, akipunguza mwendo ili mwenzake asijikwae. Njiani alimsimulia habari za baba yake, mzee Anselmo, aliyekuwa akiandika alama kwenye makasha bandarini. Mwaka wa Uhuru, wakubwa wa gati lake waliwapa wafanyakazi wachache saa za ukumbusho, zimechongwa mwenge mgongoni. Mzee alipofariki hakuacha shamba wala nyumba. Aliacha saa ile.

Ndiyo maana mjomba wa Albano alipokwenda kuposa, kishika uchumba kilikuwa saa ile, imefungwa katika leso nyeupe.

Rosalia aliipokea kwa mikono miwili, na wageni walipoondoka akaiweka mezani kama kitu kinachoweza kuuma. Yeye aliolewa na mwanamume aliyejiita karani, kumbe hata koti alilovaa siku ya posa lilikuwa la kuazima, na mtoto alipozaliwa hakuonekana tena.

"Kaulize saa hii kwa wanaojua," alimwambia binti yake. "Uiulize kabla hujaivaa."

Sie akina mama ndivyo tulivyo, hofu yetu tunawavika watoto. Anjelina naye, badala ya kumuuliza mwenye saa, akaipeleka kwa fundi Kariakoo. Fundi akabana kioo jichoni, akatazama uso wa saa tu.

"Namba hizi zimeandikwa kwa brashi," akasema. "Kiwanda gani kitaweka sita juu? Bandia hii, dada."

Mgongoni hakuitazama. Wala Anjelina hakumwambia aigeuze, kwa sababu neno brashi lilikwisha kumchoma. Nani mwenye brashi kama si Albano?

Asubuhi yake simu ililia bohari.

"Habari za mke wangu?"

"Albano, saa uliiandika mwenyewe?"

Albano akauliza, taratibu, "Umeipeleka kwa fundi?"

"Amesema bandia."

"Na mie nilisema nini siku ya kwanza, pale kwenye sukari?"

"Ulinitania."

"Sikukutania, Anjelina." Akapumua. "Nilikupa uivae. Sikukupa uipime."

Simu ikakatwa. Rosalia akairudisha saa kwa mjomba, ndani ya leso ileile, imefuliwa.

Miezi ikapita. Anjelina alikwenda kazini, akarudi, akafungulia redio. Jumapili alikaa benchi la mwisho kanisani, akatoka kabla ya watu kuanza kupeana mikono. Viatu vya raizoni vikaota vumbi uvunguni.

Ndipo siku moja akaja bohari mzee wa miraba minne, Gaudens, kuchukua saruji yake. Anjelina akamwamkia, akamwambia asubiri kidogo, mtunza ghala amekwenda kunywa chai. Mzee akatazama mkono wake.

"Saa tano na nusu yote hii bado anakunywa chai?"

Anjelina aliona sita ikiwa juu. Akashika meza.

"Babu, hiyo saa nani aliigeuza?"

Mzee akacheka. Akasema ni Anselmo, mwandishi wa makasha. Fundi mmoja wa saa alifungua vioo, Anselmo akaandika namba upya kwa brashi ya unywele, saa za wenzake wote wa gati lile. Alisema, tumepata Uhuru, kwa nini saa zibaki na lugha ya bwana? "Mjukuu wangu, mtu akiniletea saa ya gati letu ambayo haikugeuzwa, hiyo ndiyo nitaikataa."

Jioni ileile alikwenda Kinondoni. Mwenye nyumba akamwambia Albano alihamia Kibamba, anaandika vibao vya kijiji kipya cha ujamaa.

Jumamosi akamkuta juu ya ngazi, amekonda, brashi mkononi, neno KARIBUNI bado linang'aa ubichi. Wakasalimiana kama watu wa ofisi.

"Saa ngapi, Albano?"

"Saa kumi," akasema, akamnyooshea mkono aone.

Mshale ulikuwa kwenye nne. Kumi na mbili ilikuwa juu, nyeusi, mpya, imenyooka kama za madukani.

"Niliifuta," alisema. "Nilichoka kuitwa mwongo. Sasa imekuwa kama saa za watu."

Anjelina akamweleza yote, ya mzee Gaudens na ya brashi ya unywele, machozi yakimshuka hadi kwenye kola. Akamwomba aziandike tena zile namba, si anajua kuandika.

"Namba naziweza," Albano akasema. "Mkono wa baba siuwezi."

Akamsindikiza hadi kituoni, akangoja mpaka basi likaja. Hakumshika mkono.

Baadaye mzee Gaudens alipita tena bohari. Akasema kijana wa Anselmo alikuja kwake, akaishika ile saa ya mzee muda mrefu, akapitisha kidole juu ya kioo kama anayesoma. Wakati wa kuaga akauliza, yule karani wa Chang'ombe bado yupo? "Nikamwambia yupo."

"Akasemaje, babu?"

"Akavaa kofia, akaenda."

Wenzake wa bohari humtania Anjelina kwamba ana haraka. Simu ikilia, mlio haujaisha, yeye keshainyanyua.

"Bohari, habari za asubuhi."

Huwa ni mtu anataka saruji.