Nani Alimufunga Modeste?

Mficha uchi hazai, wanasema. Kwa Modeste, aliyeuficha ndiye aliyeshitaki.

Jumamosi ile, saa tisa mchana, Larissa aliketishwa katikati ya sebule yake mwenyewe, mtaani Muhumba, kama mwizi aliyekamatwa. Mbele yake walikuwapo mumewe Modeste, mama mkwe wake Marie-Louise, na Papa Philémon, parrain aliyewasimamia kanisani siku ya ndoa.

— Parrain, huyu mwanamuke alinifunga kwa uchawi, Modeste akasema. Miezi munane mwili wangu iko kama ya maiti. Niko bwana kwa jina tu.

— Mutoto wangu alikuwa simba! mama yake akadakia. Afungue kile alichofunga, ao arudi kwao kule Walungu leo, na watu wote wajue sababu.

Larissa alijua uzito wa maneno hayo. Mwanamke anayerudishwa kwao kwa jina la uchawi haolewi tena, na hata ndugu zake hawali alichopika.

— Modeste, docteur alikuambia nini mwezi wa tatu?

— Docteur gani?

— Mwenye alipima damu yako, akakuta sukari. Alisema sukari inaharibu mishipa, pombe na sigara zinamalizia, na damu haifiki tena kwenye inatakiwa kufika. Alisema inatibika, turudi wote wawili. Ukapasua karatasi yake mbele yangu.

— Dawa za hospitali ndizo zinaua wanaume! Kila mutu kule machimboni Kamituga anajua.

— Ndiyo maana ukaziacha, ukanunua unga wa mizizi kwa wachimbaji, unaukoroga ndani ya pombe ya kasiksi asubuhi na jioni. Mutu wa sukari!

Papa Philémon akakohoa.

— Binti yangu, maneno ya kitanda hayasemwi mbele ya mama mkwe.

— Ni bwana yangu ameyaleta, Papa. Mimi namalizia tu.

Akatoa simu, akapiga, akafungulia sauti, akaiweka mezani.

— Francine, niko na Modeste hapa. Na mama yake. Rudia yenye uliniandikia jana.

Modeste aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Alikuwa amechelewa. Sauti ya mwanamke ilikwisha kujaa nyumba, ikicheka.

— Ah, Modeste! Eti muke wako alikufunga? Na mimi huku Kamituga nilikufunga na nini? Mara tano, tonton, mzee mzima! Mara tano ulilala ukiangalia mabati! Nikasema uende hospitali, ukanipiga kofi. Usirudi kwangu.

Simu ikakatika.

— Uliniambia ni kwa huyu muke tu unashindwa, Marie-Louise akanong'ona. Uliniapia.

Modeste alitazama vidole vya miguu yake. Larissa aliukumbuka usiku wa kwanza Modeste aliposhindwa. Alimkumbatia kichwa, akamwambia, "Ni ugonjwa, mupenzi, sawa na malaria." Naye Modeste akamtemea mate. Angeukubali mkono ule, Larissa angemsindikiza hospitali hata kwa magoti.

— Larissa, parrain akasema, umemuvua bwana yako nguo mbele ya mama yake. Piga magoti, omba pardon.

Larissa akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

— Hospitali inafungua Jumatatu saa mbili, Papa. Mama yake amupeleke. Pardon, mimi siombi. Si leo, si kesho, hata mbele ya padiri siombi.