Kinyozi Alivyonyoa Nyasi

Mvua ilipokatika asubuhi, fundi cherehani alifungua mlango wa nyuma. Akaduwaa. Maji yalikuwa yameporomoka kutoka bustanini na kuchota udongo kando ya jiko. Msingi ulikuwa nje, kama meno yasiyo na fizi. Pale juu, alipopanda safu yake ya nyasi, palibaki kipara.

"Baba Watoto! Njoo hapa!"

Mumewe, kinyozi, alitoka na mswaki mdomoni.

"Nani amekwangua nyasi zangu?"

"Mimi. Jana, kwa jembe. Zilikuwa zimekauka, zimesimama timtim kama nywele za mlevi. Nikasafisha."

"Umesafisha? Hiki ni kichwa cha mteja wako? Mwaka mzima nimezimwagilia!"

Akanyooshea kidole ukuta wa jiko, juu ya msingi uliobaki wazi. Nyuma ya ukuta ule watoto wao walikuwa wakinywa chai.

Jirani yao, mtunza bustani wa shule, alichungulia juu ya ua.

"Shemeji, leo umeyakanyaga," alimwambia kinyozi. "Hizo ni nyasi za asili ya hapa hapa. Huishi miaka mingi. Kiangazi hukauka juu, lakini chini ziko hai. Mwaka wa kwanza hujenga mizizi zaidi, na mizizi ndiyo inayoshika udongo."

"Kwa hiyo zisikatwe kabisa?" kinyozi aliuliza, sauti imenywea.

"Zikate mara moja kwa mwaka, zikiwa kavu, kabla ya mvua. Acha shibiri moja kutoka chini. Si kukwangua!"

"Amesikia," fundi alisema. "Na asiposikia, nitamshonea masikio mengine."

Kinyozi alifukua lundo la taka alikozitupa nyasi. Mashina saba yalikuwa bado na mizizi mibichi. Jirani aliwaonyesha kuyagawa kwa sepetu, kila kipande na mizizi na machipukizi yake. Wakayapanda shibiri kwa shibiri, kwa mstari unaokatisha mteremko. Msingi wakaujaza mawe na udongo. Kinyozi ndiye aliyechimba kote. Mkewe alimfuata nyuma akisema tu, "Hapo pamepinda."

Mvua za mwaka uliofuata zilikuta nyasi zimempita fundi kimo. Maji yalifika pale, yakapunguza kasi, yakazama ardhini. Msingi haukuguswa.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, kinyozi alitoka na mkasi mkubwa. Akainama, akatandaza kiganja chake kwenye shina la kwanza.

"Napima shibiri. Usinitolee macho."

"Nakutolea," mkewe alisema, akivuta kiti. "Mpaka shina la mwisho."